Mafundi wetu wana mikono, vipimo viko wapi?

Yeyote aliyewahi kusafiri kwa barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa anaujua mji wa Mlolongo, hata kama hakuwahi kuteremka hapo. Wenyeji husema jina lake lilitokana na misururu ya malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye kituo cha kupimia uzani wa magari, madereva wakinywa chai kando ya barabara huku mizigo ya bandarini ikisubiri mizani. (Vijana wasiuchanganye na mlolongo wa mwaka 1988, ule wa wapiga kura kupanga foleni nyuma ya wagombea. Hiyo ni hadithi nyingine, wala si ya kufurahisha.) Palipo na malori hapakosi mafundi, na tangu barabara ya juu iendayo Westlands ilipofunguliwa mwaka 2022 na kuufanya Mlolongo kuwa mwanzo wake, magari madogo nayo yameongezeka. Ni kinaya basi kwamba katika mji uliopewa jina na mizani, kazi nyingi za injini hufanywa bila kipimo chochote.

Kazi ninayotaka kuizungumzia leo ni moja tu: kufungua na kutengeneza upya kichwa cha silinda cha injini ya gari, nyumbani, katika ua wa nyumba za kupanga. Kwa msomaji asiyekijua, kichwa hicho ni kile kipande kizito cha juu kinachofunika silinda za injini. Ndani yake mna vali za kuingiza hewa na petroli, vali za kutoa moshi, vijia vya maji ya kupoza na vijia vya oili. Kati yake na bloku iliyo chini hukaa gasketi, ambayo kazi yake ni kuzuia mambo matatu yasikutane, yaani moto wa mwako, maji na oili. Yakikutana, injini huwa mgonjwa mahututi.

Jirani yangu ni mwalimu. Ana Toyota Corolla ya aina ambayo Wakenya huiita kwa ufupi 110, yenye injini ya 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498. Siku za juma gari hilo humpeleka kazini, na Jumamosi hubeba magunia ya vitunguu vya biashara ya mkewe. Kwa hakika ni vitunguu hivyo vinavyolipa karo ya watoto. Katika muda wa mwaka mmoja gereji fulani, ambayo sina haja ya kuitaja, ilibadilisha gasketi ya kichwa mara mbili. Kila mara gari lilitembea wiki chache, kisha moshi mweupe ukarudi, maji yakawa yanapungua katika rejeta bila kuvuja mahali panapoonekana, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Mara ya tatu pesa za gereji hazikuwako. Kibanda cha mama kilikuwa kimefungwa siku kumi na mbili, na muhula ulikuwa ukikaribia kufunguliwa.

Ndipo akaitwa kijana mmoja anayefanya kazi zake katika uwanja ulio nyuma ya ploti yetu, chini ya mti wa mgunga. Kijana huyo aliacha shule kidato cha pili na kujifunza ufundi kwa kumshikia mwingine spana. Mwalimu naye alikuwa amejipatia nakala ya kitabu cha matengenezo cha injini ile, kwa Kiingereza. Mimi nilipewa kazi ya kusoma na kufasiri. Niliketi juu ya kreti ya soda siku tatu, kitabu mapajani, na niliyoyaona hapo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba kijana hakuhitaji kusomewa jinsi ya kufungua. Alimwaga maji, akaiweka pistoni ya kwanza juu kabisa, akatia alama za rangi kwenye mkanda wa taimingi ili asipotee wakati wa kurudisha, kisha akatafuta katoni ya maziwa na kuitoboa matundu kumi na sita, kila tundu na namba yake. Kila vali iliyotoka iliingizwa katika tundu lake, kwa kuwa vali iliyozoeana na kikalio chake haipaswi kuhamishwa kwa jirani. Bolti kumi za kichwa, ambazo si zote zenye urefu mmoja, zilipangwa katika katoni nyingine kwa mpango ule ule zilivyokaa. Alizilegeza kuanzia kingoni kuelekea katikati, kidogo kidogo, bila kuambiwa. Nilipofika katika ukurasa unaoagiza hivyo, alikuwa amekwisha kumaliza.

La pili lilinishangaza zaidi. Kabla hajagusa bolti hata moja alikuwa ameiwasha injini kwa dakika chache na kuipapasa rejeta kwa kiganja, juu hadi chini. Akasema, "Mwalimu, huku chini ni baridi. Maji hayapiti." Alikuwa sahihi. Rejeta ilipofunguliwa, mirija yake ya chini ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe. Maji ya visima vya upande huu wa Athi River yana chumvichumvi nyingi, na gari lile lilikuwa likinyweshwa maji hayo miaka yote. Gereji ilikuwa imetibu gasketi mara mbili na kuuacha ugonjwa wenyewe pale pale.

Wako watu wanaodhani kwamba ile dawa ya rangi inayotiwa katika rejeta ni ya nchi za theluji, kuzuia maji yasigande. Huo ni ukweli nusu. Huku kwetu faida yake ni kuzuia kutu na ukoko, na kuinua kiwango cha joto la kuchemka. Mwalimu wa fizikia atakumbuka kwamba Mlolongo uko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kwamba maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi, wakati Mombasa huchemka kwenye 100. Kifuniko cha rejeta chenye springi nzima, kilichoandikwa 0.9, hulibana shinikizo na kuyafanya maji yafike zaidi ya nyuzi 110 kabla hayajachemka. Kifuniko kilicholegea huiondoa kinga hiyo yote. Nimeona magari mangapi hapa mjini yaliyozibwa kwa mfuko wa nailoni na kitambaa!

Basi kichwa kikatoka, kikaoshwa kwa mafuta ya taa, kikalazwa juu ya meza ya mbao. Hapo ndipo tulipofika mahali ambapo mkono hauwezi kufika peke yake. Desturi ya kijana, na ya mafundi wengi niliowaona, ni kuegesha rula ya chuma juu ya uso wa kichwa na kumulika tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya, kichwa kimepinda. Ni njia ya busara, lakini mwanga haukuambii ni kiasi gani. Kitabu kinasema kwamba uso unaokutana na bloku haupaswi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Karatasi ya kawaida ya daftari ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo kinachoruhusiwa ni nusu ya unene wa karatasi. Mwalimu aliazima fila geji, vile vijibamba vya chuma vyembamba vilivyoandikwa unene wake, tukapima pande sita: mbili kwa urefu, mbili kwa upana na mbili kutoka pembe hadi pembe. Katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, kijibamba cha 0.12 kilipita bila kusukumwa.

Kijana alikitazama kijibamba kile kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mara zile mbili za mwanzo waliwahi kupima. Hakuna aliyejua, ila uso wa kichwa haukuwa na dalili yoyote ya kupitishwa katika mashine. Gasketi mpya mbili zilikuwa zimebanwa juu ya uso uliopinda, na pesa za vitunguu zikawa zimekwenda na maji.

Mbona chuma kizito hivyo kipinde? Hapa wanafunzi wa kidato cha kwanza, waliosoma mtanuko wa vitu vigumu, wanaweza kukokotoa wenyewe. Kichwa ni cha aluminiamu na bloku ni ya chuma cha kusubu. Tuseme vyote vina urefu wa milimita 400, navyo vipate joto kutoka nyuzi 20 hadi 100. Aluminiamu hutanuka kiasi cha sehemu 23 katika milioni kwa kila nyuzi, kwa hiyo kichwa kitarefuka milimita 0.74. Chuma cha kusubu hutanuka kiasi cha sehemu 11, na bloku itarefuka milimita 0.35. Tofauti ni karibu milimita 0.4, unene wa karatasi nne, na vipande hivyo viwili vimefungwa pamoja kwa bolti kumi. Katika joto la kawaida gasketi iliundwa kuuvumilia msuguano huo. Injini ikichemka, sehemu ya katikati hupata joto kuliko kingo, hutaka kutanuka, hunyimwa nafasi na bolti, na mwishowe hupinda na kubaki hivyo hata ikipoa. Nimewauliza wanafunzi kadhaa swali la mtanuko, nao wakanijibu kwa mfano wa reli na nyaya za umeme, mifano iliyo katika kila kitabu. Hakuna aliyetaja injini, ingawa walikuja shuleni kwa matatu.

Kichwa kilipelekwa Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, kikasawazishwa kwa mashine. Kiliporudi tulikipima tena pande zote sita. Kijibamba cha 0.05 kilikataa kupita popote.

Kusaga vali kulikuwa kazi ya Jumamosi nzima, na sijui kazi nyingine ya ufundi inayopendeza kuitazama kama hiyo. Kila vali hupakwa uji mzito wenye chembe za kusagia, hutiwa katika kikalio chake, hushikwa kwa kijiti chenye mpira wa kufyonza, kisha kijiti huzungushwa kati ya viganja huku na huku, sawasawa na wazee wetu walivyopekecha moto kwa ulindi na uwimbombo. Baada ya muda pete ya kijivu hujitokeza kuzunguka vali, yenye upana ule ule pande zote. Ikikatika mahali, kazi bado. Watoto wa ploti walijipanga kupokezana kijiti, na fundi aliwaruhusu, lakini kila vali aliikagua mwenyewe. Tulipomaliza alikilaza kichwa na kumimina mafuta ya taa katika matundu ya vali, tukanywa chai, tukarudi kutazama kama kuna tone lililopenya. Vali moja ya moshi ilitoa jasho. Ikarudishwa kijitini. Kipimo hiki hakikuwa na tarakimu, na kilikuwa kipimo kamili.

Ubishi mkubwa ulizuka juu ya kipande kidogo: themostati. Mafundi wengi wa huku huiondoa na kuitupa, wakisema kwamba nchi yetu ina joto na haihitaji kitu cha kuyazuia maji. Nilidhani huo ni ujinga mtupu, hadi kijana aliponieleza kwamba nyingi zinazouzwa ni bandia, hukwama zikiwa zimefunga, na gari huchemka njiani. Sababu yake ilikuwa na uzito. Hata hivyo injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hunywa petroli zaidi na hulika upesi. Mwalimu akaleta sufuria, jiko na kipimajoto. Tuliitumbukiza themostati mpya majini, tukaipasha moto. Ilipokaribia nyuzi 82, kiwango kilichoandikwa juu yake, ilianza kufunguka mbele ya macho yetu. Ubishi ukaisha, ikatiwa mahali pake.

Kisha ikaja siku ya kufunga. Kijana aliyapuliza matundu ya bolti kwa pampu ya baiskeli hadi yakakauka, maana tundu lenye maji au oili chini yake linaweza kuipasua bloku bolti inapokazwa. Hilo pia alilijua. Asilolijua ni tarakimu. Alikuwa amezoea kukaza "mpaka mkono useme basi". Lakini mkono wa asubuhi si mkono wa jioni, na bolti kumi zilizokazwa kwa nguvu kumi tofauti huibana gasketi kwa namna kumi tofauti. Kitabu kinaagiza kwamba bolti za injini hii zianzwe katikati na kuzunguka kuelekea kingoni, zikazwe zote kwanza kwa nyutoni-mita 29, kisha kila moja iongezwe nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Spana maalumu ya kupimia haikupatikana. Mwalimu alitwaa kalamu. Nyutoni-mita 29 kwa mpini wa sentimita 30 ni nyutoni 97 hivi, sawa na kuvuta karibu kilo 10 kwenye mizani ya springi. Ikaazimwa mizani ya muuza nyama, ndoano yake ikafungwa sentimita 30 kutoka kwenye kitovu cha bolti, nayo ikavutwa kwa ulalo, ikifanya pembe mraba na mpini, mpaka mshale ukagusa kumi. Mara kumi. Kuhusu nyuzi 90 nilitafuta neno zuri kitambo, kisha nikasema "robo mzunguko". Kijana akatia tone la rangi nyeupe juu ya kila bolti upande wa mbele, akazikaza mpaka matone yote yakatazama pembeni, kisha yote yakatazama nyuma.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kila hatua aliyohitaji mwalimu kuisaidia imo katika silabasi. Vipimo vya vanieri na skrubu ya maikromita hufundishwa kidato cha pili katika fizikia ya 8-4-4. Momenti za kani nazo ni za kidato hicho hicho, kidato alichoachia shule fundi wetu. Shule zetu zina vipimo na hazina cha kupima ila gololi na kipande cha waya. Gereji zetu zina vya kupimwa tele na hazina vipimo. Kati ya mlango wa shule na uwanja wa fundi yule ni mwendo wa dakika tano.

Serikali haikukosa kuliona pengo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi ufundi kwa kila mtoto, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani wa shule za msingi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa umma, wala halikufika sokoni. Mwaka 1992 ukatolewa waraka rasmi wa bunge juu ya biashara ndogo na jua kali. Sasa mtaala wa umilisi umeleta somo la ufundi wa awali katika sekondari msingi, na darasa la mwisho la 8-4-4, la waliofanya KCPE mwaka 2023, linaelekea ukingoni. Ninachohofia ni kuona somo hilo jipya likifundishwa kwa kuchora spana daftarini na kuipaka rangi.

Liko pia suala la lugha, ambalo wahandisi wetu hulidharau. Kijana yule hakushindwa na hesabu. Alishindwa na kurasa za Kiingereza cha kiufundi zilizojaa vifupisho. Nilipomwambia kwa Kiswahili, alielewa mara moja na wakati mwingine akanisahihisha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo istilahi za kani na mtanuko zipo. Kitabu cha matengenezo ya injini kwa Kiswahili, kinachoweza kufunguliwa kwa mikono yenye grisi, sijakiona. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zinaweza kukiandika zikisaidiana na walimu wa vyuo vya ufundi, badala ya tasnifu moja zaidi juu ya riwaya ile ile.

Kuhusu kijana mwenyewe, mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani ina daraja tatu, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, na mtu aliyejifunza kazi uwanjani anaweza kuikalia. Mwalimu amekwisha kumwandikisha kwa daraja la tatu. Jumanne na Alhamisi jioni huja ploti na daftari.

Injini iliwaka Jumatatu saa tatu asubuhi, ikatoa moshi wa oili iliyomwagika kwenye ekzosi, kisha ikatulia. Huu ni mwezi wa nane na vitunguu vinakwenda sokoni. Kwa mwalimu wa sayansi anayesoma makala haya, kichwa kibovu cha injini huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nunua kimoja, kioshe kwa mafuta ya taa, kiweke juu ya meza ya maabara pamoja na rula ya chuma na fila geji, uwaache wanafunzi wapime pande sita na kuandika wanachokiona. Kisha mwalike fundi wa jirani aje awaeleze kilipindaje.